Kisima cha Mama Kimekolea

Kazini walimwita Mbu, na jina likamkaa kama nguo ya kupimiwa. Kazi yake ilikuwa kunyonya damu za watu. Anakufunga mpira mkononi, anaugonga mshipa kwa vidole viwili kama mtu anayebisha hodi, anakuuliza habari za watoto, na kabla hujamaliza kumtaja wa kwanza, kichupa kimejaa na pamba imeshabandikwa. Watu walitoka wakimshukuru. Mbu gani mwingine duniani anang'ata mtu na kuambiwa ahsante?

Cha kuchekesha ni kwamba yeye mwenyewe sindano hakuitaka hata kwa picha. Ikija chanjo ya wafanyakazi, Mbu alipata safari ya ghafla. Wenzake walijua, wakanyamaza, maana aibu ya mwenzio siku moja inaweza kukufaa.

Maabara yenyewe ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya spiriti, mafriji yamepangwa ukutani kama wazee kwenye kikao, yakiguna kwa zamu. Aliyeyatunza alikuwa baba mmoja mnene, mcheshi, ambaye kila mtu alimwita Friji, na aliyekuwa na joto kuliko kitu chochote humo ndani. Juu yao wote alikuwa Daktari, mama mfupi wa viatu visivyo na kelele. Ukisema neno baya juu yake, geuka kwanza.

Daktari alikuwa na swali lililomnyima raha. Alitaka kujua wanawake wenye afya nzuri, wa sehemu mbalimbali za dunia, wana kingamwili kiasi gani dhidi ya bakteria wanaoishi tumboni mwao.

"Utumbo ni mtaa," aliwaeleza siku ya kwanza. "Una wapangaji wengi, na wengi wao hawana neno na mtu. Mwili nao una walinzi wanaopita mlango kwa mlango wakikariri sura. Hao walinzi ndio kingamwili. Ukiwahesabu kwenye damu, unajua mwili umeshakutana na wapangaji gani."

"Na kama walinzi ni wengi kuliko kawaida?" Friji aliuliza.

"Ndiyo tunatafuta hiyo kawaida ni ipi."

Mbu alikuwepo aliposema hivyo. Alikuwa anasikiliza kwa sikio moja. La pili lilikuwa linasikiliza chai ikichemka.

Damu za wanawake wa mbali, wa nchi ya baridi, zilifika zimegandishwa ndani ya boksi linalotoa moshi. Wanawake wa hapa walikuwa bado hawajaanza kuitwa. Kabla ya kuwaita, ilibidi kujaribu sahani ya vipimo: sahani ya plastiki yenye visima vidogo vidogo, kila kimoja kikiwa kimepakwa mabaki ya bakteria wa utumbo waliokufa. Unatia maji ya damu ya mtu, unasubiri, unaosha, unatia dawa ya rangi. Kingamwili zikiwa chache, kisima kinabaki cheupe. Zikiwa nyingi, kinakolea manjano.

"Mtafute mwanamke mmoja wa hapa, mzima, kwa hiari yake, tuone kama sahani inafanya kazi," Daktari alimwambia Mbu, huku ameshika begi la safari ya mkutano. "Mmoja tu anatosha kwa jaribio. Na mwambie majibu yake tutampa."

Mbu hakuwa na haja ya kutafuta mbali. Mwanamke mzima kuliko wote aliowajua alikuwa anaishi naye nyumba moja.

Mama yake alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, karibu na dirisha, na yeye alikaa nyuma yake tangu Mbu akiwa mtoto wa kike wa kutambaa chini ya meza, akiokota vifungo na kujaribu kuvila. Alikuwa na ufundi wa kuzungumza, kucheka na kumsuta mteja huku pini zimejaa mdomoni, na hakuwahi kumeza hata moja. Mbu alipomweleza habari ya damu, alinyoosha mkono hata kabla hajatoa pini.

"Chukua, mwanangu. Nilikupa ya miezi tisa bila kuuliza unapeleka wapi. Kichupa kimoja kitaniua?"

Siku zile Mama alikuwa mwepesi kuliko uzi. Mtoto wake wa kiume, kaka yake Mbu, aliyekuwa anaishi mji wa mbali, alikuwa amepata mtoto wa kwanza, na Mama alikuwa anaondoka Jumamosi kwenda kumlea mjukuu. Angekaa huko miezi. Nyumba nzima ilijaa nguo ndogo ndogo, utadhani wateja wake wote wamesinyaa.

Mbu alimsifia kila kigauni. Kila alichosifia alikirudisha chini kabisa ya rundo, akasifia kingine.

Basi akaipeleka ile damu kazini, akaifanyia kazi kwa mkono usiotetemeka. Akapanga visima vya wanawake wa mbali mstari mmoja, cha Mama mwishoni. Akatia dawa ya rangi, akainama kutazama.

Visima vya wanawake wa mbali vikawa kama maji yaliyopitiwa na ndimu kwa mbali. Cha Mama kikakolea. Kikakolea tena. Kikawa manjano kama kiini cha yai.

"Duh!" Friji alichungulia juu ya bega lake. "Huyu wa mwisho amemeza jua?"

"Ni jaribio tu," Mbu alisema, na sauti yake mwenyewe akaisikia kama inatoka chumba cha pili.

Akarudia kipimo. Jibu likawa lile lile. Akachukua karatasi ya maelekezo iliyokuja na sahani, akaisoma hadi chini, kwenye maandishi madogo, ambako mambo mabaya hupenda kukaa: kiwango kikivuka hapa, huenda mtu ana ugonjwa wa utumbo, ule ambao mwili hugeuka na kujishambulia wenyewe. Kiwango cha Mama hakikuvuka tu. Kilikuwa kimepita, kimeaga, na kinaendelea na safari.

Msomi mwingine angesubiri Daktari arudi. Lakini uchungu wa mama, mwana anaujua, na Mbu hakuona tena sahani. Aliona kitanda cha hospitali. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Cha Mama kilikuwa kimeingia ndani zaidi ya nguo.

Jioni hiyo alifika nyumbani, akamkuta Mama anakula maharage yenye pilipili, anatokwa jasho la raha. Mbu akaivuta sahani.

"Nini tena?"

"Pilipili si nzuri."

"Kwa nani?"

"Kwa... watu."

Akampikia uji mwepesi. Asubuhi, uji. Mchana alipita nyumbani mbio, akachemsha viazi visivyo na chumvi, akasimama pale kuhakikisha vimeliwa. Jioni, uji. Mama alipouliza, aliambiwa anatakiwa kupumzisha tumbo. Alipouliza majibu ya damu, aliambiwa bado, mashine ina foleni.

"Nasikia mgonjwa haulizwi uji," Mama alisema, akiutazama utando unavyojikunja juu ya uji. "Mimi nimeanza lini?"

"Kunywa, Mama, bado una moto."

"Mwanangu, unanichunga kama maziwa jikoni. Nitachemka nikimbilie wapi?"

Mbu alicheka kwa nguvu mno. Kisha akaenda chooni kulia, amefungua bomba ili kilio kisisikike, na Mama akapiga kelele kutoka mbele kwamba maji yanamwagika bure.

Ilipofika Alhamisi alifanya lile jambo. Alikwenda ofisi ya mabasi, akasogeza tiketi ya Mama mbele kwa wiki mbili, akarudi akasema basi limeharibika. Hakutaka Mama akaugulie ugenini, mbali na mkono wake. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na kwa sehemu kubwa ilikuwa kweli.

Mama alisikitika, akatuma ujumbe kwa mwanawe, akarudi kwenye cherehani. Mguu wake tu ndio ulikanyaga kwa hasira kidogo.

Sasa, uongo wa mtu mmoja unaweza kuishi muda mrefu, isipokuwa kama una mama mdogo. Mdogo wake Mama alikuwa mwanamke wa kupita kila mahali na kuuliza kila kitu. Alipita ofisi ya mabasi asubuhi ya Ijumaa kumpa pole karani kwa kuharibikiwa na basi. Karani akamwambia basi ni zima kama kigongo, tiketi imesogezwa na binti mmoja mwembamba mwenye koti jeupe.

Mama Mdogo hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja maabara.

"Yuko wapi?" alimuuliza Friji mlangoni.

"Nani, mama?"

"Mwizi wa safari za watu!"

Mbu alitoka na glavu mikononi. Hakupata nafasi ya kusema shikamoo.

"Mbu, Mbu! Nilidhani ni jina la utani! Kumbe kweli unamnyonya mama yako! Mwanamke amekaa nyuma ya cherehani maisha yake yote, kapata safari moja, mjukuu mmoja, na wewe unakwenda kumsogezea tiketi? Unataka akae akupikie mpaka uote mvi?"

"Mama Mdogo, si hivyo..."

"Ni vipi, basi? Nieleze mimi, nina muda. Nimekuja na chakula changu kabisa!"

Na kweli alikuwa nacho, kwenye mkoba.

Maneno yale yalimchoma Mbu mara mbili. Yalimchoma kwa sababu yalikuwa ya uonevu. Kisha yakamchoma tena, chini zaidi, kwa sababu si yote yalikuwa ya uonevu. Akafungua mdomo kujitetea, kikatoka kilio.

Hapo ndipo viatu visivyo na kelele vilipofika. Daktari alikuwa amerudi. Alimtazama Mama Mdogo, akamtazama Mbu, akamshika Mbu kiwiko na kumwingiza chumba cha ndani, akafunga mlango.

"Sema."

Mbu akasema yote: sahani, manjano, karatasi, uji, tiketi. Daktari alisikiliza bila kupepesa.

"Mama tumbo linamuuma?"

"Hapana."

"Anapungua? Anaharisha? Anatoka damu?"

"Hapana, Daktari. Mpaka nilipomwanzishia uji, alikuwa anakula kama anayejenga."

"Na hiki kiwango kwenye karatasi, unajua kilipimwa kwa akina nani?"

Mbu akaanza kuvua glavu, kidole kimoja kimoja.

"Kwa wanawake wa huko huko zilikotoka zile damu zilizogandishwa. Umemchukua mama yako, ukampanga mwisho wa mstari wa watu walioishi kwingine, wakanywa maji mengine, wakala vingine, wakakutana na wapangaji wengine toka utoto. Halafu ukaona yeye ndiye hafanani. Angefananaje? Kwenye sahani nzima hakuwa na hata jirani mmoja."

"Kwa hiyo si mgonjwa?"

"Sijasema hivyo, usinikimbize. Nasema hujui, na mimi sijui. Mwanamke mmoja hawezi kuwa kawaida ya mji mzima. Mpe majirani, ndipo tuzungumze." Akatazama mlango. "Yule bibi anayegomba ni mzima wa afya?"

"Kupita kiasi."

"Muulize kwa adabu kama atakubali tumpime. Habari za mama yako usimtajie, ni za mama yako. Nami nitatoa. Na wewe."

"Mimi?"

"Wewe si mwanamke? Si wa hapa?"

Mama Mdogo alipoombwa damu, hasira ilimshuka kama mtu aliyetangaziwa ushindi. "Nilijua tu siku moja mtanihitaji," alisema, akipandisha mkono wa gauni. "Damu yangu ni daraja la kwanza. Lakini huku unatoa, mimi naendelea kugomba, hatujamaliza." Na kweli, Mbu alimtoa damu huku anaambiwa hana huruma, na mkono wake haukukosea.

Akamtoa Daktari. Kisha kikabaki kichupa kimoja, na wote wakamtazama yeye.

"Ninaweza kumtafuta jirani wa hapo nje," Mbu alisema.

"Unaweza," Daktari alikubali, akivaa glavu.

Mbu alikitazama kile kichupa kitupu. Akamfikiria Mama, peke yake mwisho wa mstari, manjano yake yanawaka katikati ya watu wasiomjua. Akakaa kitini. Akatoa mkono kama mtu anayeutoa kwa mamba.

"Niambieni ikiisha."

"Habari za watoto?" Friji alimuuliza.

"Sina watoto, mjinga we—uuuwi!"

"Imeisha," Daktari alisema.

Mama Mdogo, aliyekuwa bado hajaelewa lolote, alimfuta machozi kwa kitambaa cha chakula chake, akasahau kabisa kwamba amekuja kugomba.

Kipimo kina subira zake. Hakiharakishwi kwa kuombwa. Mbu alitia, akasubiri, akaosha, akasubiri tena. Friji alimletea chai ikapoa. Mama Mdogo alikula chakula chake chote nje kwenye benchi, akawagawia walinzi, akajua habari za ukoo wao. Mwishowe dawa ya rangi ikaingia, na vichwa vitatu vikainama juu ya sahani moja.

Wanawake wa mbali: weupe wa ndimu, kama mwanzo.

Mama: manjano ya kiini cha yai.

Mama Mdogo: manjano ya kiini cha yai. Daktari naye: manjano, yaliyopoa kidogo tu. Na kisima cha mwisho kabisa, cha Mbu mwenyewe, kilikuwa kimekolea kuliko vyote.

"Aisee," Friji alisema kwa heshima. "Kama huu ni ugonjwa, mama yako ndiye anatakiwa akupikie uji."

Mbu alicheka mpaka akashika meza. Daktari hakucheka, lakini pembe za macho yake zilijikunja.

"Sikiliza vizuri usije ukatangaza mtaani," alisema. "Watu wanne si mji. Wiki ijayo tunaanza kuwaita wengine, ndipo tutajua kawaida yetu iko wapi. Lakini kiwango cha karatasi hii hakikuandikwa kwa ajili yetu, hilo nimeshaliona. Kingamwili nyingi maana yake mwili umekutana na wengi. Si lazima maana yake ni vita. Mama hana maumivu, hana dalili. Akipata, aje. Kwa leo, mwache ale pilipili yake."

"Ahsante, Daktari."

"Bado. Majibu ni yake, tuliahidi, na wewe umeyakalia wiki nzima kama kuku. Nenda kamwambie."

Mbu alitoka anaruka. Alipita ofisi ya mabasi, akairudisha tiketi kwenye Jumamosi yake, karani akamtazama kama mtu asiyeeleweka. Alikuwa ameshafika kona ya nyumbani ndipo akaanza kupunguza mwendo, na yeye mwenyewe akashangaa. Mama ni mzima. Si ndicho alichokuwa anakiomba? Mama ni mzima, basi Mama anaondoka kesho.

Alimkuta anakunja nguo za mtoto.

"Mama, basi limepona."

"Na mimi?" Mama aliuliza, bila kuinua macho. "Mwanangu, ninakufahamu. Ukilia, unafungua bomba, toka uko darasa la kwanza. Nikajisemea, nisimharakishe, atasema. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na haya nadhani ni maradhi yangu unayoyaficha."

Mbu akaketi sakafuni, mahali pale alipokuwa anaokotea vifungo, akamweleza toka mwanzo. Mama alisikiliza. Alipofika kwenye wanawake wa nchi ya baridi, Mama aliweka nguo chini.

"Subiri. Nimekunywa uji wiki nzima kwa sababu sifanani na watu ambao hata hatujawahi kusalimiana?"

"Ndiyo, Mama."

"Na viazi bila chumvi?"

"Na viazi."

"Wangenipima na wewe toka siku ya kwanza, wangeona tunafanana. Nani asiyejua tunafanana?" Akaanza kucheka, kisha akaacha ghafla. "Lakini uliogopa peke yako siku zote hizo. Hilo ndilo sikusamehe. Mwili ni wangu. Siku nyingine ukiuogopea, niite tuogope pamoja."

Mbu alitikisa kichwa kukubali. Halafu, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa ya kutoa kila kitu, akatoa na lile la chini kabisa.

"Mama, kuna kingine. Nilipokiona kisima changu kinafanana na chako nilifurahi sana. Halafu nikakasirika kidogo. Ungekuwa mgonjwa kidogo tu, mafua tu, ungebaki. Mama Mdogo kasema kweli. Sijawahi kulala kwenye nyumba hii bila kusikia cherehani yako."

Mama alisogeza nguo pembeni. Kisha akainama, akamshika kidevu kama anavyomshika mteja anayeshindwa kusimama wima.

"Nisikilize. Mimi naenda. Huyo mtoto hajui bado kama ana bibi, lazima aambiwe mapema. Lakini kila siku jioni nitakupigia simu, utaniambia umekula nini. Na ukiniambia uji, nakata."

"Sawa, Mama."

"Yule mama wa gauni la bluu atakuja Jumatatu, usimpe kabla hajalijaribu, amenenepa na hajui. Cherehani itie mafuta. Na mama yako mdogo atakuja kukuangalia."

"Mama Mdogo? Mara ngapi?"

"Mara nyingi kuliko utakavyopenda. Haya, njoo unisaidie, zipu ya hili begi imenishinda. Panda ukae juu."

Mbu akapanda, akakaa juu ya begi lililovimba kwa vigauni. Mama akapiga magoti, akavuta zipu. Ikafika katikati, ikakwama.

"Kaa kwa nguvu basi, si ndiwe uliyetushinda wote kwa manjano?"

Mbu akajikaza, machozi na kicheko vikimtoka kwa pamoja, akabonyeza kwa uzito wake wote mpaka zipu ikapita.